Boti ya Bodi Mbili na Siku Iliyoandikwa

Tangu asubuhi ya 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza ikitokea Bukoba na Kemondo, kauli mbili zimekuwa zikizunguka Kagera kila chombo kinapozama au kunusurika. Ya kwanza husemwa msibani, na Mkristo na Mwislamu huisema kwa sauti moja: siku yao ilikuwa imefika, sisi tuliwapenda lakini Mungu amewapenda zaidi. Ya pili husemwa bandarini na kwenye mialo ya Muleba, na wanaoisema hujiona wameshaachana na habari za kudra: meli ile ingekuwa katamarani, yenye bodi mbili kama zile boti zinazokimbia kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, abiria wote wangefika, maana boti ya bodi mbili haipinduki. Kauli ya kwanza huitwa imani, ya pili huitwa utaalamu. Mimi naona zote mbili zinateleza mahali pamoja. Kila moja inalitoa swali mikononi mwa watu na kulikabidhi kwa kitu kisichoweza kuulizwa. Moja inalikabidhi kwa siku iliyoandikwa, nyingine kwa umbo la chombo. Ndiyo maana suala hili la bodi moja na bodi mbili, ambalo linaonekana ni la mafundi na wenye mitaji, kwangu ni suala la dini kwanza. Linahusu namna mtu anayemwamini Mungu anavyopaswa kumtegemea pale anapopanda chombo.

Tuanze na kile ambacho sifa za katamarani zinapatia, kwa sababu si sifa za bure. Boti yenye bodi mbili nyembamba zilizoachana, na sitaha iliyounganishwa juu yake, husimama imara majini kama mtu aliyepanua miguu. Uimara huo unatoka kwenye umbali kati ya bodi na bodi, na unakua haraka kuliko umbali wenyewe: ukiongeza nafasi hiyo mara mbili, nguvu ya chombo kukataa kuinama inakaribia kuongezeka mara nne. Meli ya bodi moja haina msaada huo. Inategemea upana wake, na zaidi inategemea uzito kukaa chini, iwe ni injini, shehena au farumi iliyowekwa makusudi. Ukiupandisha uzito ule juu, kwa kujaza watu na mizigo sitaha ya juu huku matangi ya chini yakiwa matupu, umeibadilisha meli ile ile kuwa chombo kingine kabisa. Abiria 200 wakikimbilia ubavu mmoja, katamarani itainama kidogo tu, wakati meli nyembamba ya bodi moja inaweza kuvuka kiasi ambacho haitarudi. Hata watu wa pwani waliolifunga tengo kila upande wa ngalawa waliujua ukweli huu karne nyingi kabla ya aluminiamu na injini za dizeli. Kwa hiyo anayesema bodi mbili zinatulia zaidi hasemi uongo.

Anakosea anapotoka kwenye "zinatulia zaidi" na kufika kwenye "hazipinduki". Uimara wa katamarani ni mkubwa sana mwanzoni na hufika kilele chake boti ikiwa imeinama kidogo tu. Baada ya hapo hushuka upesi, na bodi moja ikishainuka kutoka majini, kilichobaki ni kidogo. Tena chombo hicho, kikishageuka juu chini, kimetulia vilevile kama kilivyokuwa kimetulia kikiwa wima, wala hakirudi. Bodi moja iliyotengenezwa vizuri, yenye uzito chini, huinama mapema na kwa utaratibu. Inamwonya nahodha kabla hali haijawa mbaya. Katamarani hukaa kimya mpaka karibu na mwisho. Lakini ni haki pia kuwasahihisha wanaoichukia. Wapo wanaodai kwamba boti hizi hupinduliwa na upepo, na wanachokikumbuka ni katamarani za tanga, ambazo kweli tanga huweza kuziinua na kuzibwaga. Boti ya injini haina mlingoti wala tanga la kushikwa na upepo, na habari za kupinduliwa na upepo mtupu haziihusu sana. Wapo pia wanaosema itakula mafuta maradufu kwa kuwa ina bodi mbili na injini mbili. Ikienda polepole, ndiyo, maji yanagusa eneo kubwa zaidi la bodi zake na msuguano unaongezeka. Ikishika mwendo, bodi nyembamba hulipasua ziwa bila kuinua mawimbi makubwa, na hapo ndipo inapookoa mafuta ambayo meli pana ya bodi moja ingeyamaliza kwa kusukuma maji mbele yake.

Dhana inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile ya mzigo, kwa sababu inazaliwa na macho. Sitaha ya katamarani ni pana; mtu akiitazama anaona nafasi ya magunia ya kahawa, mikungu ya ndizi, kreti za soda, pikipiki na bado watu wakapata pa kukaa. Lakini kinachobeba mzigo si sitaha, ni bodi zilizo ndani ya maji, na hizo ni nyembamba. Kwa uzito ule ule unaoongezwa, hudidimia zaidi kuliko bodi moja pana. Zinapodidimia, uwazi ulioachwa chini ya sitaha ili mawimbi yapite hupungua, na mawimbi huanza kugonga sitaha kwa chini. Ziwa Victoria ni pabaya kwa kosa hilo. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, na mawimbi yake ni mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana bila kupumzika. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa, ukazaa radi na dhoruba za alfajiri ambazo mara nyingi huelemea upande wa magharibi, upande wetu. Bukoba haikupata mvua zake za karibu milimita 2,000 kwa mwaka kwa bahati. Katamarani nyepesi iliyobeba kiasi chake huyapita mawimbi hayo vizuri. Iliyopakiwa kwa kufuata upana wa sitaha itapigwa tumboni usiku kucha, na itayumba kwa mshtuko mfupi wa haraka ambao huwachosha wazee na wagonjwa kuliko kuyumba kwa taratibu kwa meli ya bodi moja.

Sasa tuutazame ushahidi uliopo mbele ya watu wa Bukoba wenyewe. MV Victoria ni meli ya bodi moja. Imekuwa ziwani tangu 1961, na baada ya matengenezo makubwa ilirudi mwaka 2020 katika njia ile ile ya Mwanza, Kemondo na Bukoba. MV Bukoba nayo ilikuwa ya bodi moja, katika ziwa lile lile, njia ile ile, ikibeba watu wa namna ile ile. Moja imefika zaidi ya miaka 60. Nyingine haikufikisha 20. Idadi ya bodi haiwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu haikutofautiana. Kilichotofautiana ni uwiano wa chombo na namna kilivyotunzwa na kupakiwa. MV Bukoba ilikuwa na matatizo ya uimara yaliyojulikana muda mrefu kabla ya ajali, uwezo wake ulikuwa abiria 430, na daraja la tatu halikuwa na orodha ya waliopanda. Waliokufa walizidi 800. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilikaa kuchunguza jambo hilo, na serikali isingeunda tume kama ingeamini kwamba yote yalikuwa yameandikwa. Tukienda pwani tunakuta upande wa pili wa hoja. Januari 2014 katamarani Kilimanjaro II, ikitoka Pemba kwenda Unguja, ilipigwa na wimbi kubwa karibu na Nungwi. Haikupinduka, ilifanya kile umbo lake linachosifiwa. Lakini abiria waliokuwa sehemu ya mbele walisombwa na maji, na baadhi yao wakafa. Bodi mbili zilitimiza ahadi yao yote, na bado watu walizikwa, kwa sababu umbo la boti haliamui abiria akae wapi wakati bahari imechafuka.

Na kuna jambo moja la mwaka 1996 ambalo kila anayezungumzia mapenzi ya Mungu anapaswa kulitazama kwa karibu. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea juu chini, hewa iliyonaswa ndani ikiishikilia, na waliokuwa nje walijua kuna watu hai chini ya chuma kile. Ikaamuliwa bodi itobolewe ili watolewe. Tundu lilipopatikana, hewa iliyokuwa inaibeba meli ilianza kutoka kupitia tundu lile lile, maji yakachukua nafasi yake kutoka chini, na meli ikaenda zake pamoja na waliobaki ndani. Hakuna aliyetoboa kwa ubaya. Nia ilikuwa safi kuliko nia nyingi za wanadamu, na bila shaka mikono ile ilifanya kazi huku midomo ikiomba. Ila hewa haisikilizi nia, hufuata utaratibu aliouweka Muumba wake, utaratibu ule ule unaoielesha mitumbwi ya mwalo wa Nyamukazi kila siku. Anayesema Mungu alikataa maombi ya siku ile amemsingizia. Mungu alikuwa mwaminifu kwa kanuni zake za maji na hewa, na uaminifu huo ndio unaotuwezesha kujenga meli yoyote na kuitumainia. Kanuni zingekuwa zinabadilika kwa kila chozi, hakuna chombo ambacho kingeelea kwa uhakika.

Hapo ndipo nashindwa kukubaliana na wale wanaoona kwamba kupima ni upungufu wa imani. Maandiko wanayoyasoma wenyewe hayako upande wao. Safina ya Nuhu haikuachwa ielee kwa baraka peke yake. Kitabu cha Mwanzo kinataja urefu wa dhiraa 300, upana 50 na kimo 30, na Kurani inaeleza kwamba Nuhu aliiunda chini ya uangalizi na mafunuo ya Mungu. Wokovu ulikuja na vipimo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 27, Paulo anawaonya kwamba safari ile ina hasara, lakini akida anamsikiliza nahodha na mwenye meli. Dhoruba inapowashika, malaika anamwahidi Paulo kwamba hakuna hata mmoja wa watu 276 atakayepotea. Ahadi imeshatolewa, na ni ya Mungu. Hata hivyo, mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo huyo huyo anawaambia askari kwamba watu hawa wasipobaki melini, hakuna atakayeokoka. Wanazikata kamba za mashua, baadaye wanatupa ngano baharini ili meli iwe nyepesi. Ahadi ya mbinguni haikuondoa haja ya mabaharia waliojua kazi yao wala ya kupunguza shehena. Ilipita humo humo. Waislamu nao wanayo simulizi ya mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kamba kwa kumtegemea Mungu, na Mtume akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Hata imani ya kale ya Wahaya, iliyomtambua Mugasha kuwa mwenye ziwa na dhoruba zake, ilikuwa na heshima hiyo kwa maji: ziwa lina mwenyewe, na mgeni haingii kwa mwenyewe kama anaingia uwanjani kwake.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zito kuliko hoja zote za ufundi. Atasema mchungaji, au shehe, au mama aliyepoteza watoto wawili: mnatunyang'anya faraja. Tukisema ajali ingeweza kuzuilika, tunamwachia mfiwa uchungu usio na mwisho, wa "kama wangalipanda kesho yake", "kama meli ingekuwa nyingine". Ni bora aamini ilikuwa siku yao, apumzike. Sitaki kulidharau hilo. Lakini faraja na maelezo ya ajali ni mambo mawili, na makosa yanaanza tunapotumia moja badala ya lingine. Yesu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa na dhambi kuliko wengine. Aliwaondolea marehemu lawama bila kusema kwamba mnara ulijengwa vizuri. Kwa mfiwa naweza kusema kwamba marehemu wake yuko mikononi mwa Mungu, na nikamaanisha. Kwa mwenye chombo siwezi kusema maneno hayo hayo, kwa sababu yeye hakufiwa, yeye alipakia. Kinachoniumiza ni kuona kauli iliyotungwa kumfuta mfiwa machozi ikitumiwa kumfuta mhusika jasho. "Ajali haina kinga", husemwa, na daftari la abiria linafungwa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere, yenye uwezo wa abiria 101, ilipinduka ikikaribia Ukara, na watu 228 wakafa. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinajieleza. Yeyote anayeziita kudra anamtwisha Mungu kazi ya karani wa tiketi.

Pingamizi la pili linatoka upande wa mafundi, na linanigeukia mimi: ikiwa kila kitu kiko kwenye upakiaji na uangalifu, basi umbo halina maana, na mjadala wa bodi moja na bodi mbili ni wa kupoteza muda. Hapana. Kuchagua umbo ni sehemu ya uangalifu wenyewe, ila ni uchaguzi unaojibu swali la njia gani, mzigo gani na mwendo gani. Kati ya Bukoba na Mwanza, ambako watu wanasafiri na ndizi, kahawa na magari, meli kubwa ya bodi moja iliyopimwa vizuri ina sababu zote za kuendelea, na MV Mwanza iliyoshushwa majini mwaka 2023, yenye nafasi ya abiria 1,200, ni ya aina hiyo. Kwa visiwa vya Muleba, kwa Bumbire, Ikuza, Kerebe na Goziba, ambako mjamzito anahitaji kufika hospitali kwa saa chache na mzigo ni mdogo, katamarani ya wastani inayokwenda kasi ingekuwa na haki yake, kwa masharti kwamba haitageuzwa boti ya dagaa siku ambazo hakuna wagonjwa. Na mtumbwi wa mbao wa bodi moja usidharauliwe kwa udogo wake. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani hapo Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika kwa mitumbwi yao, na watu 24 walitoka hai. Kwa kazi ile, pale karibu na ufukwe, chombo chepesi kinachosukumwa majini bila kusubiri gati kilikuwa ndicho chombo sahihi.

Limebaki pingamizi la maskini, na hili ndilo linalopaswa kutusumbua. Mvuvi wa Goziba hana nafasi ya kuchagua kati ya bodi moja na mbili. Inakuja boti moja, ubao wake wa juu umebaki kiganja kimoja tu kutoka majini, mtoto ana homa, na kesho huenda isije yoyote. Kumwambia mtu huyo asome alama ya mzigo kabla ya kupanda ni kumwongezea mzigo. Akisema "Mungu atatufikisha" hakosi imani wala hana kosa la ujinga. Amebakiwa na hilo peke yake. Lakini udhaifu wa abiria haumpunguzii mtu mwingine wajibu wake, unauhamishia kwake. Torati katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 inamwamuru anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye dari, ili mtu asianguke akailetea nyumba hiyo damu. Haimwagizi mgeni apime dari kabla ya kupanda, wala haiulizi kama siku ya mgeni ilikuwa imefika. Damu inakaa kwa mwenye nyumba, aliyekuwa na uwezo wa kuweka ukingo na hakuuweka. Kwa sheria hiyo mwenye boti anayepakia kwa upana wa sitaha, mkaguzi anayetia saini bila kushuka gatini, na sisi waumini tunaochangia boti ya parokia au ya msikiti tukiuliza bei na kasi yake bila kuuliza inabeba tani ngapi na nani atakayehesabu watu, tunajenga dari isiyo na ukingo, iwe imekaa juu ya bodi moja au mbili.